Karantini ya Kangaja

Jumamosi asubuhi, Janelle Pascoe alikuwa anageuza soseji jikoni. Binti yake Tilly hakutaka kula. Alikuwa amebandika pua kwenye tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi sebuleni, akiongea na samaki wake wawili, Biskuti na Asali. Walikuwa samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tilly aliwalea tangu walipokuwa wadogo kama punje ya mpunga.

"Leo mnapata mwenzenu," aliwaambia. "Msimchokoze."

Mlango ukafunguka. Wade, baba yake, aliingia akicheka, mkononi ana mfuko wa plastiki uliojaa maji. Ndani yake aliogelea samaki mdogo wa baharini aitwaye kangaja, buluu tupu, mkia wa njano.

"Mama, njoo umwone!" Tilly aliruka.

Janelle aliacha soseji zake. Jamani, samaki alikuwa mzuri. Wade alishika mkasi, akasogeza mfuko juu ya tangi kubwa.

"Wade Pascoe, weka mkasi chini." Aliyesema ni Nola, jirani yao, aliyekuja kurudisha bakuli. Nola alifanya kazi miaka mingi kwenye jumba la kufugia samaki mjini Townsville.

"Kuna nini, Nola? Samaki mzima huyu. Mtazame anavyocheza."

"Kwa macho ni mzima. Wadudu wa ugonjwa wa madoa meupe hawaonekani mwanzoni. Ukimtia humo leo, baadaye Biskuti na Asali wataonekana kama wamenyunyiziwa chumvi. Halafu watakufa."

Janelle alimwona Tilly anavyoshika ukingo wa tangi kwa vidole vyote.

"Lakini mgeni anakaribishwa," Wade alisema kwa unyonge.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, hiyo ni kwa watu," Nola alijibu. "Samaki mgeni anakaa karantini kwanza. Peke yake."

"Basi tumweke kwenye sanduku la barafu."

"Lile la bia? Utamwonaje ndani yake? Na bado linanuka kamba wa baharini mliowala Krismasi."

Janelle alicheka hadi akakumbuka soseji. Zilikuwa zimeungua. Hakuna aliyejali.

Walileta tangi dogo la kioo kutoka kwa Nola, wakaliweka chumba cha kufulia, mbali na lile kubwa, maana hata tone la maji likiruka hubeba ugonjwa. Waliliosha kwa maji matupu, bila sabuni. Wade alichanganya maji mapya ya chumvi, akayapima mpaka chumvi ikawa sawa na ya kwenye mfuko. Janelle alitia kipasha maji na kipimajoto. Tilly akauacha mfuko uelee juu ya maji ili joto lilingane.

"Sasa nakwenda kuleta sponji ya kuchujia," Nola alisema. "Nina moja iliyokaa muda mrefu kwenye tangi langu lisilo na ugonjwa. Imejaa vijidudu wema wanaokula uchafu wa samaki. Sponji mpya haina kitu."

Aliporudi na sponji alisimama mlangoni. Chini ya tangi dogo palikuwa na jiwe la matumbawe na konokono wawili.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Wade alisema. "Nimevitoa kwenye tangi kubwa. Nilitaka ajisikie nyumbani."

"Una moyo mzuri, rafiki yangu. Lakini akiugua tutamtibu kwa dawa ya shaba. Jiwe litainywa dawa yote, na konokono watakufa."

Wade alirudisha jiwe na konokono kwenye tangi kubwa, uso umemwiva kwa aibu. Nola akaweka sponji yake, na mahali pa jiwe akaweka vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Sakafu ya kioo ikabaki tupu. Halafu walimhamisha kangaja kwa kikombe na wavu, maji ya mfuko wakayamwaga kwenye sinki.

"Wavu huu na ndoo hii ni vya huku tu," Nola alisema. "Na mikono inaoshwa."

Kila asubuhi Janelle alimlisha, akapima amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na ilipopanda akabadilisha sehemu ya maji. Siku moja, kabla ya kufua, aliinama kulitazama tangi dogo. Kwenye mapezi ya buluu palikuwa na punje nyeupe.

Alikimbia sebuleni. Biskuti na Asali walikuwa safi, wanasukumana kama kawaida.

"Wade, kangaja ana madoa meupe!" aliita. "Anayo, na hawa hawana!"

Hakuwahi kufurahia ugonjwa maishani mwake. Nola alikuja na kipimo cha shaba. Wakatia dawa kidogo kidogo kama karatasi ya dawa ilivyoagiza, wakipima kila siku. Punje zikapukutika. Dozi ikaisha, na bado wakamtazama muda mrefu zaidi, mpaka Nola akaridhika.

Ndipo Tilly alipokabidhiwa kikombe. Alimteremsha kangaja taratibu ndani ya tangi kubwa. Biskuti alimfukuza mzunguko mmoja, akachoka. Wade alibana kipande cha mwani mkavu kwenye kioo. Kangaja akaja kuuma. Asali akaja. Biskuti naye akaja, akijifanya hana haraka.

"Mama," Tilly alinong'ona, "wote watatu wanakula."