Kompyuta Iliyong'ang'ania Sebuleni

Asubuhi hiyo mama mshonaji aliifunika cherehani yake mapema. Saa nne kamili binti yake alikuwa na usaili wa chuo cha uuguzi, kwa video. Mwaka uliopita alikosa nafasi.

Nyumba ilikuwa na visanduku viwili vya waifai, kimoja sebuleni, kingine chumba cha nyuma. Binti alikuwa chumba cha nyuma, penye utulivu. Lakini kila alipojaribu video, picha iliganda.

"Baba anasema tununue cha tatu," alisema.

"Cha tatu? Tufungue duka?"

Mama alimwita jirani, dada aliyekuwa fundi wa mitandao. Dada huyo aliacha nguo zake kwenye beseni akaja, mikono ina povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuokoe, imebaki nusu saa!"

Fundi alijifuta mikono, akafungua programu ya visanduku kwenye simu ya mama.

"Hii ni orodha ya vifaa vyote. Kompyuta imeshika kisanduku gani?"

Mama alisoma polepole. "Sebuleni! Mbona yenyewe iko huku chumbani?"

"Niliiwasha sebuleni, dada," binti alisema, "nikaibeba kuja huku."

"Ndiyo maana. Kifaa ndicho huchagua kisanduku. Mara nyingi huking'ang'ania kilekile, hata kikiwa mbali."

"Kama baba yako na kiti chake!" mama alimwambia binti yake. Wakacheka. "Haya fundi, nibonyezee."

"Bonyeza mwenyewe, mama. Siku nisipokuwepo usikwame."

Mama aligusa jina la kompyuta, akachagua kisanduku cha chumba cha nyuma. Mtandao ukakatika.

"Mama, umeniua!"

"Subiri kidogo," fundi alisema kwa upole. Mtandao ukarudi, na picha ikatulia.

"Na simu zetu?" mama aliuliza.

"Simu hutembea na watu, ziache zichague zenyewe. Panga kile kinachokaa mahali pamoja. Kompyuta ikihama, rudi hapa uondoe chaguo hili."

Saa nne mama alisimama nje ya mlango. Akasikia mwalimu akiuliza, "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?"

"Leo nilikuwa na hofu," binti alijibu. "Mtu akaacha kazi yake akatusaidia, wala hakutucheka. Nataka wagonjwa wanikute hivyo."

Hakuna neno lililokatika.

Wiki mbili baadaye barua ya kukubaliwa ilifika. Mama alishona sare ya kwanza mwenyewe, na binti akaenda kumwonyesha fundi kabla ya mtu mwingine yeyote.