Mstari Usio na Jina

Mstari ule ulionekana mara ya kwanza mchana, mkuu wa mradi alipozima taa ili awaonyeshe wauguzi maendeleo ya watoto wa Temeke. Mapazia meusi yalikuwa yamevutwa. Projekta, ambayo ndiyo kwanza imetoka bandarini, ikanguruma kidogo, na ukutani ikatokea grafu ya uzito wa watoto. Kila kata ilikuwa na mstari wake wenye rangi na jina. Chini kabisa palikuwa na mwingine, mwembamba, wa kijivu, ambao haukuwa na jina.

"Huo ni wa wapi?" mkuu akauliza.

Editha, karani wa takwimu aliyeziandaa slaidi zile, akasema hajui. Alisema hivyo bila kuondoa macho ukutani.

Mradi wenyewe ulikuwa wa lishe, na ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya zahanati. Asubuhi kina mama walileta watoto chumba cha mizani. Muuguzi wao, Sista Salma, akiwapima aliingiza kila uzito kwenye kompyuta iliyokuwa humo, namba zikapita kwenye waya hadi kompyuta ya Editha, na grafu iliyounganishwa kwenye slaidi ikajibadilisha yenyewe kila ilipofunguliwa. Wafadhili walikuwa waje wiki inayofuata kuuona huo ufundi, maana mwaka ule wa tisini na nane wengi walikuwa hawajauona.

Editha alikuwa amerudi kazini karibuni tu. Mwanawe wa kwanza, Leodegar, ambaye wao walimwita Dega, alifariki wakati wa mvua za Elnino kwa ugonjwa wa kuhara, hajaanza hata kukaa. Editha naye alikuwa amelazwa kwa ugonjwa huo huo, hajitambui. Mumewe Gaspar, mchonga vinyago wa Mwenge, aligonga jeneza dogo kwa mbao za mninga, akamzika mtoto mama yake akiwa wodini. Editha aliporudi Mbagala alikuta nyumba imefagiliwa, nepi hazipo kambani, na majirani wanazungumza habari za bei ya mchele.

Kwa ajili ya mstari ule akaitwa fundi kutoka duka moja la kompyuta la Kinondoni, kijana wa watu anayeitwa Twalib, mpole, mwenye tabia ya kuongea na mashine anapofanya kazi.

"Hebu tuone ishu iko wapi," alisema, akavuta kiti.

Alifungua faili la namba: mstari haumo. Akaifungua slaidi ile ili aihariri: haumo. Akaionyesha ukutani, na mstari ukawepo. Akadhani grafu inatunza picha ya zamani, akaifuta na kuichora upya. Akakata muunganisho wa slaidi na faili, akaunganisha tena. Akabadilisha waya wa projekta, akapunguza ukubwa wa picha, akaiondoa programu nzima na kuiweka upya kwa diski alizokuja nazo. Kila alipomaliza, mstari ulikuwa pale pale, ila umepanda kidogo.

"Dada Editha, huyu anakua," alisema kwa utani.

Editha hakucheka. "Uache tu," akasema. "Unamsumbua nani?"

Twalib alimgeukia. Mwanga wa projekta ulimpiga mama yule shavuni, na ndipo alipoona jinsi alivyokonda, sketi imebanwa kwa pini kiunoni. Akasikia pia harufu. Mwanzoni alidhani ni taa ya projekta inaunguza vumbi, lakini ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha, kama kitambaa cha mtoto kilichosahaulika ndani ya mfuko.

Kesho yake alasiri, zahanati imeshafungwa na kina mama wamekwenda zao, Twalib alimfuata Salma, aliyekuwa akifunga madirisha.

"Sista, kompyuta yako umeizima?"

"Nimeizima tangu saa nane. Kwani vipi?"

"Kile kitaa cha kijani kwenye kisanduku cha nyaya kinawaka na kuzima. Kinafanya hivyo namba zikiwa zinaingia tu. Kuna mtu anapima."

Salma alimtazama kama anayetaka kusikia kwamba ni mzaha. Kisha akashika funguo zisilie, wakaenda wote wawili kwenye korido, na kadiri walivyokaribia chumba cha mizani ndivyo harufu ya maziwa ilivyozidi, na chini ya harufu ile pakawa na sauti, mlio mdogo wa ndoano ya chuma ikiyumba, kwii, kwii, na sauti ya Editha ikibembeleza kwa Kimwera, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mzani ulining'inia kwenye boriti kama siku zote, na chini yake ile suruali ya kitambaa wanamowekwa watoto, ambayo Salma mwenyewe aliifua mchana akaiacha imenywea, sasa ilikuwa imejaa, imetuna matakoni na mapajani kama inavyotuna mtoto mnono akikalishwa, na ndani yake hapakuwa na mtu, na mshale wa mzani ulikuwa umekwenda mbali, ukitikisika kila kile kisichoonekana kilipochezesha miguu, na Editha alikuwa amesimama mbele yake, blauzi imelowa kifuani, akitabasamu, akikisukuma kwa kidole kimoja.

Salma aliziba mdomo kwa kanga. Walirudi nyuma kinyumenyume hadi uani, na hapo Twalib akakaa chini kwenye saruji.

"Tangu lini?" akanong'ona.

"Mie nilijua anabakiaga kulia tu," Salma alijibu, naye analia. "Nikaona nimwache. Mtu aliyefiwa unamwambia nini?"

Siku hiyo hiyo walimfuata Gaspar kule Mwenge. Walimkuta anapiga msasa. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso.

"Kila siku ananiambia amekula," alisema. "Nikimshika mkono nahisi mifupa. Nikadhani ni majonzi." Akapuliza vumbi mkononi. "Mnamjua mtu?"

Twalib alikuwa na shangazi yake Tandika, Bi Hija, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na watu walimwendea pia kwa mambo ya majini, ingawa mwenyewe hakupenda kuitwa mganga. Alikuja ofisini Ijumaa baada ya swala, mkuu wa mradi akiwa safarini, na chetezo chake ndani ya kikapu. Editha alimsalimia, "Shikamoo mama," kama anavyomsalimia mtu yeyote, na Bi Hija akaitikia marahaba na kuushika mkono wake muda mrefu.

"Mwanangu alioshwa na nani?" Editha akamuuliza, maana Salma alikuwa amemwambia kazi ya mgeni huyu.

"Sijui, mwanangu. Wewe hukuambiwa?"

"Sikuambiwa kitu."

Bi Hija akawageukia Twalib, Salma na Gaspar. "Hiki hakikuja kwa ugomvi," akasema kwa sauti ya chini. "Kimekuja na njaa. Kimesikia mama anamlilia mtoto ambaye hakumuaga, kikavaa nguo ya mtoto. Anakinyonyesha uzito wake mwenyewe. Kikishiba, yeye atakuwa amekwisha. Na mie siwezi kukitoa peke yangu, kwa sababu ameshakikaribisha. Twalib, hiyo njia kinayopitia kuja ukutani inafungwaje?"

Twalib alieleza. Ndani ya programu mlikuwa na amri ya kukata muunganisho, na ikishakatwa, grafu inabaki picha tu, haipokei tena namba. Yeye alishaikata mara kadhaa, na kila mara ilijirudi.

"Kwa kuwa uliikata wewe. Ataikata yeye."

Editha alikuwa amesikia yote. Alisimama katikati yao na kompyuta, mikono ameitandaza kidogo, kama anayezuia kuku wasipite.

"Nyie mlimzika bila mie," alisema. Hakupaza sauti. "Gaspar, ulimzika bila mie. Sasa mnataka nimzike kwa mkono wangu."

Gaspar akasema, "Nilimfunga na kile kitenge chako cha bluu. Sikupata kingine. Nilitaka awe na harufu yako. Nikasema nitakueleza ukipona, halafu sikujua pa kuanzia."

Editha akakaa kwenye kiti mbele ya kompyuta.

Mapazia yakavutwa. Bi Hija akatia ubani kwenye makaa, akaanza kusoma kwa sauti ya puani, na Twalib akaiwasha projekta. Grafu ikajitokeza ukutani, na ule mstari wa kijivu sasa ulikuwa umeipita mistari ya kata zote, unapanda huku wanauona, polepole, bila mtu kugusa kitu, na moshi wa ubani ulipoufikia ule mwanga ulipinda na kurudi nyuma kana kwamba kuna kifua pale kinachopumua, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaubana ubani hadi Salma akatapika kwenye kanga yake, na kutoka korido wakasikia ile ndoano ikiyumba, kwii, kwii, kasi zaidi na zaidi, kisha kitu kilaini kikadondoka sakafuni na kuanza kutambaa, viganja vidogo vikipiga saruji, kikikaribia mlango, kikipita mlangoni, kikipita katikati ya miguu ya Gaspar aliyesimama kama gogo, hadi kikafika chini ya kiti cha Editha na kutulia.

Mkono wa Editha ulikuwa juu ya kitufe.

"Mama," kikasema gizani, kwa sauti tamu ya mtoto. "Mama, usinikate. Nna njaa."

Bi Hija mwenyewe aliacha kusoma.

Editha aliinama, akatazama chini ya kiti, mahali ambapo wengine hawakuona kitu. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Mwanangu alikuwa hajajua kusema," akasema taratibu. "Hakuwahi kuniita. Alikuwa ananishika kidole tu, basi. Nimetamani sana kuitwa hivyo. Lakini wewe si Dega. Dega amekufa."

Akabonyeza.

Mstari ukatoweka. Kata zikabaki ukutani, kila moja na rangi yake na jina lake. Kilio kikaanza chini ya kiti, kwanza cha mtoto, halafu kikazeeka kadiri kilivyokuwa kikienda mbali, kikipita korido na kutoka uani, hadi mwisho kikawa kama cha mzee aliyefukuzwa kwenye nyumba ya mwanawe. Gaspar alitaka kutoka nje, Bi Hija akamshika mkono.

"Usikifuate," alisema. "Nacho kina uchungu wake. Usikionee huruma hapa mlangoni."

Editha alikuwa amelaza kichwa mezani. Safari hii kilio chake kilikuwa kikubwa, cha msibani, na Salma akakaa sakafuni akamshika miguu, akalia naye kama ambavyo walipaswa kulia miezi ile iliyopita.

Wafadhili walikuja, grafu ikaonekana vizuri, na wakapiga makofi. Editha hakuwepo. Gaspar alikuwa amempeleka makaburini, nje kidogo ya Mbagala, sehemu ya watoto. Njiani alimsimulia kila kitu: mvua ilivyonyesha, nani alichimba, padri alivyochelewa kwa sababu daraja lilikuwa limekatika.

Walipofika, Gaspar akasimama. Mvua zile zilikuwa zimeyalaza matuta madogo yote, misalaba mingi imeanguka, mingine imesombwa, na nyasi zimeota sawasawa kila mahali. Alitembea kidogo huku, akarudi, akatazama ukuta, akahesabu kitu kwa macho.

"Ni hili," akasema.

Editha alimtazama usoni, akaona kwamba hajui.

Alipiga magoti pale pale alipoonyeshwa, akaweka kiganja kwenye udongo. "Dega," akasema, "ni mama. Nimechelewa." Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kwenye tuta lililofuata na kupiga magoti tena, akasema maneno yale yale. Gaspar akavua kofia, akamfuata kutoka tuta hadi tuta.