Mrija wa Lokai

Jumamosi ile, kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi, walikuwepo Petronilla, mjane mwenye boma nje kidogo ya Malaba. Otukei, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Etyang, dereva wa malori ya Juba. Na Lokai, kijana Mtoposa ambaye Etyang alimvusha mpaka akiwa amejilaza nyuma ya kiti. Kwao Sudan Kusini vijana walikuwa wakikamatwa sokoni na kupelekwa vitani kwa nguvu.

Petronilla alimimina maji moto juu ya pombe. Kila mmoja akatumbukiza mrija wake, wakala kiapo: atakayemtoa Lokai, chungu kimkatae. Kisha Petronilla akamtania kijana, aliyekuwa akitafuna ncha ya mrija wake.

"Wewe ni mbuzi? Utaumaliza."

Lokai alicheka, akaendelea kuuma.

Jumatatu, Petronilla akiwa sokoni, wanaume wawili walifika na gari, wakamwita Lokai kwa jina, wakaondoka naye. Jina lile lilijulikana na wale wa chungu tu. Petronilla alimshuku Etyang, maana ndiye aliyezoea kufika kule Sudan Kusini.

Jumamosi iliyofuata alipika tena. Etyang alikuwa safarini. Petronilla aliikata ile ncha iliyotafunwa, akauweka mrija wa Lokai mahali pake, kama afanyiwavyo mtu anayetarajiwa kurudi.

Otukei alivuta. Hakupata kitu. Akaupangusa mrija wake, akavuta tena. Mkavu. Na chungu kilikuwa kimejaa.

Kisha povu likaanza kushuka.

Petronilla hakuwa akinywa. Mrija wa Lokai ulitikisika. Ikasikika sauti ya kunyonya, polepole, kama ya mtu mwenye kiu ya safari.

Otukei aliweka wake chini.

"Shemeji," alinong'ona, "wale wa gari walikuwa wamemshika mwanangu Ekwaro kwenye barabara ya Juba. Walitaka mtu kwa mtu."

"Ukawapa mgeni wangu."

"Yule si damu yetu."

Sauti ilikoma. Ndani ya chungu yalibaki machicha tu.

Petronilla aliuchomoa mrija. Ncha mpya, pale alipokata asubuhi, ilikuwa na mate, na alama za meno.

Simu yake ililia. Ni Etyang, kutoka Nimule. Alisema Ekwaro ameachiliwa, yuko naye garini, mzima.

Lokai, alisema, alikufa juzi, Alhamisi.