Ova ya Kumi na Nne

Kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi wengi wa Shule ya Getaromo, iliyo karibu na soko la Nyamache, walishika njia ya kwenda nyumbani. Esnah wa Gredi ya Saba hakwenda nao. Alibeba meza ndogo hadi ukingoni mwa uwanja, akachonga penseli mbili, akafungua kitabu cha alama. Wenzake walicheza kriketi, yeye aliandika. Kila mpira uliorushwa ulipata alama yake kitabuni: nukta kama mpigaji hakupata kitu, tarakimu kama alipata mikimbio, yaani mara alizokimbia kubadilishana nafasi na mwenzake. Mipira sita ilipotimia, ova moja ilikuwa imekwisha, naye akapiga mstari. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Esnah aliipenda, na mwandiko wake ulikuwa safi.

Alhamisi moja timu ya Rianyabuto ilikuja kutoka Nyamira. Mshindi angeingia mashindano ya shule katika mji wa Kisii. Wageni walikuja bila mweka alama, kwa hiyo kitabu kilikuwa kimoja tu, cha Esnah.

Getaromo walipiga kwanza. Katika ova ya kumi na nne, Maureen, rafiki yake Esnah, alimjia na ndizi mbivu na habari za binamu yake aliyekuwa akiolewa. Esnah aligeuka kumsikiliza. Aliposhtuliwa na makofi na kutazama uwanjani, mpira ulikuwa ukirudishwa kutoka upande wa migomba, na Mose, nahodha wao, alikuwa akihema.

"Ni nne?" Esnah aliuliza.

"Si unasikia makofi? Ni nne," Maureen alisema.

Esnah akaandika nne.

Mchezo ulipokwisha, Getaromo walikuwa na mikimbio tisini na mitatu, Rianyabuto tisini na miwili. Mose alibebwa juu juu kuzunguka uwanja mzima.

Kesho yake Mwalimu Bosire, aliyewafundisha kriketi, alimwita Esnah ofisini. "Kuna mafunzo ya waweka alama kule Nyanchwa," alimwambia. "Jumapili tatu mfululizo. Atakayefaulu atapewa cheti na kuandika alama katika mashindano ya Kisii. Akiendelea vizuri, kuna ngazi ya pili, na ya tatu. Lakini wengi watakuwa walimu na vijana wa vyuo. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Jumapili ya kwanza walikuwa watu kumi na tisa ukumbini, na mdogo wao wote alikuwa Esnah. Mkufunzi, Madam Damaris, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alisimama mbele akawaonyesha ishara za mwamuzi moja baada ya nyingine.

"Mpira ukifika mpakani, mwamuzi hupunga mkono hivi. Hiyo ni nne," alisema. "Kisha anakusubiri. Usipoinua mkono wako kumjibu, mchezo hauendelei. Na usipoona, uliza. Mweka alama haandiki anachodhani. Huandika kilichotokea."

Esnah aliacha kuandika kidogo. Alhamisi ile hakumwona mwamuzi akipunga mkono, wala hakumuuliza.

Baadaye Madam Damaris alitoa jaribio la ishara thelathini. Esnah alipata kumi na moja. Kijana mmoja wa chuo, aliyekaa nyuma yake, alichungulia karatasi yake akacheka. Esnah hakuificha karatasi. Alinakili kila ishara aliyokosa ili akajifunze nyumbani.

Kabla ya kuagana walipewa kazi. Kila mmoja achukue mchezo aliouandika mwenyewe, auandike upya kwa njia waliyofundishwa siku ile: mpira baada ya mpira, na jina la kila mpigaji aliyeukabili.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa ikipiga mabati. Esnah alikaa na mchezo wa Alhamisi, akauandika upya kwa utulivu hadi ova ya kumi na nne. Hapo akakwama. Kitabu kilisema kwamba Mose alipata mikimbio minne, na kwamba mpira uliofuata, katika ova ile ile, ulipigwa na Ondieki, mpigaji mwenzake. Haikuwezekana. Wapigaji wakikimbia mara nne, kila mmoja hurudi alikotoka. Mpira ukifika mpakani, vilevile hawabadilishani nafasi. Ikiwa Ondieki ndiye aliyepiga mpira uliofuata, basi yeye na Mose walikuwa wamebadilishana. Walikuwa wamekimbia mara tatu.

Alihesabu tena. Kisha akahesabu mara ya tatu, akitamani kukuta amekosea kuhesabu. Jibu halikubadilika. Getaromo tisini na miwili, Rianyabuto tisini na miwili. Hakuna aliyeshinda.

Mama yake, Nyakerario, aliingia kutoka jikoni akamkuta ameegemeza kichwa juu ya kitabu.

"Umeugua?"

Esnah alimweleza yote. Mama alivuta kiti akakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Mama."

"Na wenzako watasemaje?"

"Watanichukia."

"Siwezi kwenda kusema kwa niaba yako," Mama alisema. "Lakini kesho nitakusindikiza mpaka langoni."

Jumatatu asubuhi Esnah alimwekea Mwalimu Bosire vitabu viwili mezani, cha zamani na kipya, akamwonyesha palipo na kosa. Mwalimu alisoma kwa muda mrefu.

"Ningeweza kukifunga kitabu hiki," alisema polepole, "na hakuna ambaye angeuliza."

"Madam Damaris ataona, Mwalimu. Na hata asipoona, mimi nimeshaona."

Mwalimu Bosire alishusha pumzi. Alitoa simu akampigia mwenzake wa Rianyabuto, Mwalimu Nyangau. Walikubaliana kwamba mchezo urudiwe Alhamisi, safari hii huko Nyamira.

Habari hizo zilifika darasani kabla ya Esnah. Mose alimsubiri mlangoni.

"Ulitupa ushindi, sasa unatunyang'anya," alisema.

"Sikuwapa kitu, Mose. Mlikimbia mara tatu. Wewe mwenyewe unajua."

Mose akaenda zake. Siku tatu nzima wachezaji hawakumsemesha. Hata Maureen alikaa mbali naye, maana alijua makosa yalianzia wapi. Esnah alibeba meza yake peke yake, akaandika alama za mazoezi bila kukosa hata siku moja.

Asubuhi, kabla ya shule, alichuma majani chai na mama yake. Esnah alikuwa amemfundisha mama ishara zote za mwamuzi. Mama aliweka kikapu chini katikati ya michai, akanyoosha mikono yote miwili, au akajigusa goti lililoinuliwa, au akapunga mkono, na Esnah akataja maana yake huku akiendelea kuchuma. Wapita njia walisimama kushangaa. Nyakerario hakujali.

"Hii je?" aliuliza, akiinua kiganja juu.

"Mikimbio ya ziada. Mpira haukugusa gongo."

"Umepata. Chuma upesi, tusichelewe."

Alhamisi ilifika. Huko Rianyabuto Esnah aliketi pamoja na mweka alama wa wenyeji, mvulana mpole aliyeitwa Ronny. Kila ova ilipokwisha, walilinganisha vitabu vyao. Safari moja vilitofautiana. Esnah aliinua mkono, mchezo ukasimama, mwamuzi akaulizwa, wakarekebisha. Rianyabuto walipata mikimbio mia moja na mmoja. Getaromo walijitahidi, wakafika tisini na mitano, na katika ova ya mwisho Mose akatolewa.

Wenzake walikuwa wamekaa majanini, vichwa chini. Esnah aliandika wiketi ya mwisho, yaani kutolewa kwa Mose, kwa mwandiko ule ule safi, akajumlisha. Ronny naye akajumlisha. Vitabu vililingana, na mwamuzi akatia sahihi.

Mwalimu Nyangau alifika mezani akavifungua vyote viwili. Alimpa Esnah mkono, kama anavyomsalimu mtu mzima.

Jumapili ya pili Esnah alipata ishara ishirini na moja. Jumapili ya tatu, katika mtihani wa mwisho, alipata ishirini na nane, akamshinda kijana wa chuo kwa mbili. Madam Damaris alimkabidhi cheti na kumwambia, "Ngazi ya pili ni mwezi wa Agosti. Nimeshaandika jina lako."

Jumatatu, wanafunzi walipokusanyika asubuhi, Mwalimu Bosire alisoma barua kutoka Rianyabuto. Mwalimu Nyangau aliomba Esnah akaketi na Ronny kuandika alama za timu yao katika mashindano ya Kisii. Minong'ono ilipita katika mistari ya wanafunzi. Kisha Mose akainua mkono.

"Mwalimu, hayo mafunzo yana nafasi nyingine? Mimi nilijua kwamba tulikimbia mara tatu, na nilinyamaza. Ningependa kujifunza."

"Mimi pia," Maureen alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu Bosire aliikunja barua.

"Nafasi zipo, na nitawaandikisha," alisema. "Lakini sikilizeni nyote. Wapo wanaosema kwamba Esnah alitupotezea safari ya Kisii. Safari ile haikuwa yetu. Kosa la kwanza lilikuwa uzembe wa dakika moja, na kila mtu huweza kuteleza. Aliyeteleza akanyamaza, hukosa mara mbili. Esnah alisema, akavumilia hasira zenu, akaendelea kujifunza kwa bidii. Leo timu iliyotushinda inamwamini kuliko inavyojiamini yenyewe. Mtu mwaminifu hata mshindani wake humtafuta. Nendeni madarasani."