Chafya Chumbani kwa Kipsang

Mtu alipiga chafya katika chumba cha Kipsang. Chepngetich aliinua uso, akasikiliza, akarudi kwenye maandishi yake. Kipsang, kakake aliyeacha shule kabla hajajua kusoma, akawa mchuma chai ili yeye asomeshwe, alikuwa kaburini kando ya shamba la chai tangu Aprili. Tangu mazishi msichana alikuwa amekufa ganzi, hashtushwi na kitu.

Ilikuwa mchana, mvua ya Sotik ikipiga mabati. Chuo kilichofungwa kwa mgomo, mwaka ule wa 1994, kingefunguliwa Jumatatu kwa kwizi, mtihani mfupi wa nadharia ya lugha za kompyuta. Akifeli, anafukuzwa. Basi alikuwa akijifunza jinsi kipande cha programu kinavyojiita chenyewe, tena na tena, mpaka kifikie sharti la kukisimamisha. Alikipa jina asiloweza kulisahau, na kila kilipojiita alilitamka kwa sauti. Kipsang. Kipsang. Kipsang. Sharti la kusimama alikuwa hajaliandika.

Chafya ya pili ilikuja na harufu ya jasho na majani mabichi ya chai.

Mama yake, Rodah, alikuwa mlangoni. "Ulikuwa unaita nani?"

"Nasoma tu, Mama. Ni ya kwizi."

"Unaita kijana alikufa bila mtoto?" Rodah alinong'ona. "Na hakuna mtoto mchanga kwa hii nyumba. Sasa ataingia kwa nani?"

Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama humwitia majina ya wazee waliokufa. Jina litakalomfanya apige chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi ndani yake. Waumini wa Jumapili nao hufanya hivyo, tena bila aibu. Ila aliyekufa kijana haitwi. Chepngetich aliyajua hayo tangu utotoni, lakini kwizi humsahaulisha mtu mila za kwao.

"Mwambie aende," Rodah alisema. "Ni wewe umemwita."

Chepngetich alifungua kinywa amwambie, na ile harufu ikamsogelea mpaka usoni, ikamwingia puani polepole, ikashuka kooni, naye akajua kwamba mtu mwingine angepiga mayowe, lakini hakuhisi hofu wala huzuni, ila mwasho mdogo puani ulioanza kupanda, akaubana kwa vidole, ukapanda tu, ukapanda.

Akapiga chafya.

Rodah hakulia. Alimtazama machoni, akauliza kwa upole, "Umekula, Kipsang?"

Chepngetich alivuta maandishi yake, akayageuza huku na huku. Hakuitambua hata herufi moja. Akayakunja vizuri, akachukua kikapu nyuma ya mlango, akatoka mvuani kwenda kuchuma chai.