Bibi Anayehesabu Mierezi

Kwanza yalikuwa maji. Shigenori alitangulia kuoga, kama desturi ya mwanamume wa nyumba, akakaa ndani ya hodhi mpaka wali ukapoa mezani. Alipotoka, mkewe Mizue akaenda na taulo lake aoge maji yale yale, akakuta hodhi kavu. Kizibo kilikuwa mahali pake, na sakafu haikuwa na tone.

"Maji umeyapeleka wapi?" akauliza.

"Maji gani?" Shigenori alijibu. Mashavu yake yaling'aa, ngozi imejaa vizuri.

Jikoni, Fusae, mama yake Mizue, aliacha kukata figili. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Machi, na mkwe wake alikuwa ametoka mlimani.

Mwenye mlima huo watu wengine wangemwita jini. Sisi wa kijiji cha Nekura tunamwita Bibi, tena kwa sauti ya chini. Siku hiyo ya Machi hupita msituni akihesabu mierezi yake, na chochote kilichosimama humo huhesabiwa kuwa mti. Marehemu mume wa Fusae, aliyekata miti maisha yake yote, siku hiyo alikuwa akitundika msumeno ukutani na kulewa mchana kutwa. Lakini Shigenori alikuwa mtu wa mjini, muuza miwani, na duka lake hufungwa siku moja tu kwa wiki. Starehe yake ilikuwa kupanda njia za mwinuko peke yake, theluji inapoanza kulegea na watu wengine bado wanaogopa kuteleza.

"Mkwe, leo hapaendwi," Fusae alimwambia asubuhi ile.

"Mama, huyo Bibi wako akinifikia, nitamwambia mimi ni kichaka."

Mizue alicheka sana. Akamfungia matonge ya wali, akamsindikiza hadi getini.

Sasa Mizue alikuwa mmoja wa wale ambao mierezi ikichanua hupiga chafya mpaka mbavu zinauma. Mwaka ule alianza kumpigia chafya mumewe. Akimsogelea, macho yanamwasha. Akimkumbatia, pumzi inabana. "Mwenzangu, nimekuchoka mpaka puani," alimtania, wakacheka. Kisha asubuhi moja akakuta vumbi la manjano kwenye mto, pale alipokuwa akipumulia Shigenori, na hakutania tena.

Vidole vya Shigenori vikakataa kukunjika. Vijiti vya kulia vikamdondoka, na baadaye hakuvitafuta kwa sababu hakuwa akila. Alishinda uani, miguu mitupu kwenye tope la theluji, uso kaelekeza mlimani, na tope lile likakauka kumzunguka. Kuketi hakuweza tena. Jioni, hewa ikiwa imetulia kabisa na hata pazia halichezi, mama na binti walisikia viungo vyake vikilia, kwii, kwii, mlio wa mti mrefu unaosukumwa na upepo, na harufu ya utomvu ikajaa nyumba nzima mpaka ikaingia kwenye supu.

Fusae akamwendea Bibi Toyo, anayewaombea watu kule ng'ambo ya mto, na chupa ya pombe ya mchele mkononi.

"Kahesabiwa," alisema Bibi Toyo kabla hata hajaifungua chupa. "Majani mapya yakitoka, atapanda mwenyewe kwenda kusimama."

"Si afutwe kwenye hesabu?"

"Hesabu yake haipungui. Labda abadilishwe. Mtu wa nyumba hiyo hiyo asimame pale mkweo alipokula chakula, mchana, peke yake, amngoje Bibi; akingojwa hivyo huja siku yoyote."

"Na huyo atakayesimama anarudi lini?"

"Fusae, unauliza kama mtoto mdogo."

Usiku wa siku ile Fusae aliwasimulia wakati wa chakula. Mizue alikuwa akilia kimyakimya. Shigenori alisimama nyuma yake, bega limeegemea nguzo.

"Basi nitakwenda mimi," Fusae alisema. "Nimekwisha kula chumvi yangu."

"Asante, Mama," Shigenori alidakia hapo hapo. Sauti ilimtoka kwa kukwaruza. "Chukua fimbo zangu. Na vile vyuma vya kufunga chini ya viatu, maana baada ya mwamba pana barafu."

Fusae hakumjali. Alikuwa akimtazama binti yake. Alitaka neno moja tu, hata la uongo. Mama, usiende. Angelipata neno hilo angekwenda huku akiimba. Mizue alitazama bakuli lake, akaokota punje ya wali iliyobaki, akaila.

Asubuhi akamfungia mama yake matonge ya wali.

Njia ya Nekura haina huruma kwa magoti ya mtu mzima. Fusae alipanda akishika kamba zilizofungwa kwenye miamba, majani yaliyooza juu na barafu chini yake, na kila alipokanyaga theluji ilimmeza hadi pajani, huku maji yakinong'ona mahali fulani chini ya miguu yake. Jua lilikuwa kali. Hakukutana na mtu. Juu ya mwamba, kwenye kiwanja kidogo katikati ya mierezi, akaona ganda la chungwa ambalo Shigenori alilitupa, akajua ndipo hapo. Akasimama.

Akasikia ko.

Mbali, juu mlimani, mtu anagonga shina kwa kifundo cha kidole, jinsi mumewe alivyokuwa akigonga kusikiliza kama mti ni mzima au mbovu. Ko. Kisha sauti ya kike, nzito, inataja namba. Ko, na namba nyingine, na kila mara karibu zaidi, mti kwa mti, bila haraka, na ndege wakanyamaza, na harufu ya nywele zilizolowa maji ikashuka kati ya mashina, ikamzunguka shingo, na Fusae akataka kupiga kelele lakini akakumbuka kwamba mti haupigi kelele, akafumba macho na kujikaza mpaka meno yakagongana, na mgongoni pake, katikati ya mabega, kifundo kikagonga.

Du.

Kikagonga tena. Du.

"Huu umeoza," sauti ilisema.

"Nichukue hivyo hivyo," Fusae alinong'ona. "Nakuomba, Bibi."

Kicheko kikapita juu ya vichwa vya mierezi. "Nani kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Muongo. Kakutuma mtu mbichi. Harufu yake iko kwenye kifungashio cha chakula chako." Pumzi baridi ikamgusa sikio. "Nenda nyumbani. Nitashuka kuchagua mwenyewe."

Fusae alishuka kwa matako, kwa magoti, kwa namna yoyote. Fimbo aliziacha hapo hapo. Kila mtu Nekura anajua kwamba Bibi havuki mto, na basi la jioni huvuka mto, kwa hiyo alijua la kufanya: amshike Mizue mkono, wapande, waende popote. Huyo mume abaki na mlima wake. Akamsamehe binti yake njiani, pale penye kamba ya pili. Alikuwa na hofu, akasema moyoni, mtu akiwa na hofu hutazama bakuli. Alifika mlangoni viganja vinavuja damu, anahema, anatabasamu.

Mizue akafungua. Uso wake ukasawajika.

"Mama? Mbona umerudi?"

Fusae akanyoosha mkono kumshika.

"Ulifika kweli?" Mizue alimtazama viatu. "Au uliketi kituoni ukala chakula changu?"

"Nilifika. Kanikataa."

Nyuma, Shigenori aliguna. Mizue akamgeukia, kisha akamshika mama yake mabega, kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Basi kesho uende tena, Mama. Tafadhali. Usimame vizuri zaidi. Nitakuwekea na samaki."

Maneno yote yalikuwa ulimini mwa Fusae, vaa viatu, tukimbie, anashuka, basi liko njiani, na alikuwa na muda wa kuyasema, hata wa kuyasema mara mbili, lakini kitu kilichoanza kumuuma tangu mezani jana kilipanda kikamzuia, akatazama ule uso aliouzaa, unaomsubiri akubali, akahisi chuki ambayo hakujua anayo.

"Nimechoka," alisema. "Niwekee chai."

Akavua viatu, akaketi. Mizue akammiminia chai. Nje, honi ya basi ikalia kwenye kona, ikapita, ikafifia kuelekea mtoni.

Ko, kwenye nguzo ya geti.

"Nani huyo?" Mizue akauliza.

Fusae alipuliza chai yake.

Ko, kwenye fremu ya mlango. Ko, kwenye nguzo ya sebule, na harufu ya nywele zilizolowa ikaingia ikapita juu ya meza. Mizue akasimama, mkono kifuani. "Mama, nani?" Na kabla hajageuka, mgongoni pake pakagongwa, na mlio ukatoka safi, mkavu, mzuri, mlio ambao mkata miti yeyote angeufurahia.

"Mama?"

Hapo kikombe kikamtoka Fusae. "Huyu wangu!" alipiga ukelele, akamkumbatia binti yake kiunoni kwa nguvu zote. "Nichukue mimi! Mizue, mwanangu, shika nguzo!"

"Wewe nilishakugonga," sauti ilisema.

Mizue alitembea. Fusae aliburutwa naye hadi kizingitini, akadondoka hapo, akabaki na mshipi wa nguo mkononi. Binti yake alivuka uani miguu mitupu, akashika njia ya mlimani, hakuita tena.

Nyuma yake Fusae alisikia mtu akiketi. Shigenori alikuwa ameketi chini, magoti yamekunjwa, machozi ya furaha yanamtiririka.

"Mama," alisema, akijaribu kidole kimoja kimoja. "Tazama, Mama. Vinakunjika."