Banda la Watoto Wasiolia

Asubuhi ile banda lilikuwa kimya, na Chepngeno, badala ya kuogopa, akamshukuru Mungu. Hebu mwone! Banda limejaa watoto wachanga na wa kutambaa, mama zao wamewaacha tangu alfajiri, hakuna hata mmoja anayelia, na mlezi anashukuru!

Lilikuwa banda la mabati lililojengwa na Bwana, Mzungu mwenye shamba, juu ya Elburgon, kando ya pareto, ili wanawake wachume maua bila watoto mgongoni. Miaka ile ya hamsini, vidole vya mama vilikuwa mali ya Bwana mpaka jua lizame. Chepngeno ndiye aliyepewa kazi ya kuwalea. Aliwapikia uji, akawafuta makamasi, na mchana akawalaza kwenye magunia. Mtoto wake mwenyewe, Cherono, aliyekuwa bado hajajua kukaa, alimfunga mgongoni kwa shuka kutwa nzima. Alimzoea mpaka akawa anamsahau. Siku moja alizunguka banda lote akipiga kelele, "Woi, Cherono yuko wapi?" na Cherono amelala fofofo mgongoni mwake. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

Kimya hicho alikileta mwenyewe, jana yake. Khisa, mtoto wa Namalwa, alikuwa amelia tangu asubuhi. Namalwa na mumewe mpasua mbao walikuwa wametoka Bungoma, hawakuwa na ndugu pale shambani. Chepngeno alimbembeleza Khisa, akamwimbia, akachoka. Ndipo akafanya jambo lisilokuwa lake. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama wazee humtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimgusisha ugoro puani. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Labda analilia jina, Chepngeno akawaza. Akachukua ugoro, akataja nyanya wote wa ukoo wake mwenyewe. Wapi! Khisa akazidi kulia. Hasira zikampanda.

"Au wewe ni Cheptanui, shetani wewe?"

Khisa akapiga chafya.

Cheptanui alikuwa mlezi wa banda hilo kabla yake. Hakuwa na mtoto, na watoto wa wenzake aliwanyamazisha kwa kuwafinya mapajani, mahali mama hatazami, mpaka wakaogopa kulia. Siku wanawake walipoyaona majeraha walimpiga, wakamfukuza kwenye mvua hadi msitu wa Mau. Fisi walimmaliza. Hakuzikwa, na hakuna aliyewahi kumwitia mtoto jina lake.

Khisa akanyamaza papo hapo. Kisha mtoto wa karibu na mlango akapiga chafya, akafuata wa pembeni yake, mpaka banda zima likawa linapiga chafya, na mwisho kabisa, mgongoni mwa Chepngeno, Cherono.

Kesho yake ndiyo hiyo asubuhi ya kimya. Mama mmoja alimtania, "Mama Cherono, umewalisha nini hawa? Wamekuwa kama watoto wa Bwana!" Chepngeno akacheka, akajiona hodari.

Saa ya uji akasikia harufu ya nyama ikiungua. Akageuka kuitafuta sufuria. Sufuria ilikuwa salama. Mtoto wa Kosgei, aliyeanza kutembea juzi tu, alikuwa amesimama kwenye makaa kwa mguu mmoja, anamtazama Chepngeno, anacheka. Akamnyakua. Unyayo ulikuwa umeiva, na mtoto hakutoa hata mlio.

Chepngeno akamlaza kwenye gunia. Akamvua mmoja nguo, akaona mapajani alama za kucha, mbili mbili, mbichi, akamvua wa pili, akamshusha Cherono na kumvua pia, na kila paja lilikuwa na alama zilezile, na alipoinua macho watoto wote waliokuwa wamelala kwenye magunia walikuwa wamefumbua macho pamoja, wanapumua pamoja, na ukungu wa Mau ukaingia mlangoni ukiwa na harufu ya nywele zilizoloa mvua, na huko nyuma ya magunia mtu akavuta kamasi kama mwanamke aliyemaliza kulia.

Jioni alikwenda kwa Kogo Jepkosgei, bibi mkongwe wa kijiji cha wafanyakazi, aliyeheshimiwa kwa mambo ya majina. Akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Nani alikutuma kuita majina?" Kogo akauliza.

"Nilichoka, Kogo."

"Ulichoka! Yule alikuwa anangoja mlangoni, wewe ukamfungulia. Hafukuziki sasa. Akishaitwa ni lazima akae. Ila anaweza kukaa kwa mmoja, awaache wengine."

"Kwa nani?"

"Kwa mtoto ambaye mama yake atakubali."

"Hakuna mama atakayekubali, Kogo."

"Basi wataungua bila kulia, wataumwa bila kulia, na mtawazika wanacheka." Akampa pembe ya ugoro. "Mpeleke huyo mmoja mbali na wenzake. Ita mara moja tu, na asiwepo mtoto mwingine wa kusikia."

Njiani Chepngeno alikuwa ameshachagua. Wala usimwonee huruma. Hakujiuliza mara mbili. Khisa ndiye aliyeanza kulia. Khisa ni wa wageni. Namalwa hajui mambo ya majina, hatajua kilichompata mwanawe. Kesho yake mchana, ukungu umefunika shamba na watoto wako kwenye magunia, akambeba Khisa haraka hadi stoo ya kuni ng'ambo ya bonde, akafunga mlango, akatazama kila pembe. Hakuna mtoto mwingine. Akamlaza mapajani, akamgusisha ugoro.

"Cheptanui," akanong'ona. "Kaa hapa."

Khisa akakunja pua. Chepngeno akangoja.

Chafya ikaja, ndogo, ya mtoto. Ilimlowesha Chepngeno shingo kwa nyuma.

Papo hapo Khisa akalia kwa nguvu, na kule bandani watoto wote wakalipuka kwa kilio. Wanawake wakatupa vikapu vya pareto, wakaja mbio wakipiga vigelegele, kwa maana hata wao walikuwa wameanza kukiogopa kile kimya. Namalwa akamkuta Chepngeno ng'ambo ya bonde, amekaa chini mlangoni mwa stoo, akamchukua Khisa na kumkumbatia machozi yakimtiririka.

"Mungu akubariki, mama Cherono. Umenirudishia mwanangu. Na wako, mbona halii?"

"Amelala," Chepngeno akasema.

Hakuwa amelala. Chini ya shuka kucha mbili ndogo zilikuwa zimeshika nyama ya mgongo wake, zikaifinya, zikaizungusha polepole. Chepngeno akafungua mdomo alie. Zikafinya zaidi, naye akanyamaza.